Mwendo wa Faradji

Iko mbali, uso wake siuoni, nguo yake siijui, lakini nimekwisha kumuita kwa jina. Ni nini? Watoto wa nyumba yangu walijibu mwezi, walijibu mvua, mumoja akajibu Mungu. Jibu ni mutu mwenye unajua mwendo wake. Niliwatega hivyo kwa kucheza tu. Sikujua kwamba kile kitendawili kitamuuma mwana wangu Magloire.

Magloire anaendesha pikipiki hapa Kasongo. Anabeba watu mpaka Nyangwe, anabeba wachimba zahabu na mizigo yao mpaka Lusangi. Asubuhi anapanda pikipiki mbele ya mulango, jioni anashuka palepale. Muke wake Yvette, mama wa binti yao Esther-Divine, anashona nguo, na Mungu alimupatia mukono wa kuchora. Tangu aolewe anachora: ku karatasi, ku vumbi, ku mabaki ya vitambaa. Alipopata telefone kubwa akaanza kuchora ndani yake kwa kidole. Akanionyesha picha ya mutu, kisha ingine sawa na ile lakini muguu umesogea kidogo, kisha ingine tena. Akizipitisha mbio, mutu anatembea! Nilimuambia arudishe. Alirudisha mpaka batri ikaisha.

Ni batri iliyomupeleka kwa Faradji. Faradji ana kibanda karibu na soko, na pano ya kuvuta umeme wa jua juu ya mabati. Anachaji telefone za watu na kuzitengeneza. Ana ordinatere, kompyuta ya zamani, na alijifundisha mwenyewe kuandika zile amri zenye mashini inazisikia. Alipoona picha za Yvette akasema, "Mama Esther, tufanye nazo muchezo." Hakuna mutu aliwatuma, hakuna mutu aliwalipa. Ni kupenda tu, sawa vile wengine wanapenda mupira.

Muchezo wenyewe ni hivi. Mwanaume mumoja, muke wake alikasirika akarudi kwa wazazi. Mwanaume anakamata mbuzi, anakwenda kumufuata. Njiani anakuta vitendawili. Mutoto mwenye kushika telefone akijibu vizuri, mwanaume anasogea. Akikosa, mwanaume anarudi nyuma, yeye na mbuzi wake. Mwisho kuna muto, na gogo la kuvukia, na ng'ambo muke anasimama ku mulango wa wazazi. Yvette alichora watu. Faradji aliandika amri, na mbuzi pia ni kazi yake: alimufinyanga ndani ya ordinatere kama udongo, unamugeuza unamuona pande zote mpaka chini ya mukia. Mimi nilileta vitendawili. Nilifika darasa la tano tu, lakini vitendawili havikuniomba diplome.

Jumapili moja, kisha kula, Yvette akaegemeza telefone ku sufuria ili tuone. Mutoto wao Esther-Divine akapanda magoti ya baba yake. Mwanaume akatokea kati ya migomba, mbuzi nyuma yake. Bega la kuume linatangulia, la kushoto linafuata bila haraka, na kichwa kinaitika kila hatua kama mutu anayesikia ngoma peke yake.

"Papa Faradji!" mutoto akapiga kelele.

Nilicheka, maana kweli ni yeye. Uso ulikuwa mwingine, nguo nyingine, lakini kutembea kulikuwa kwa Faradji kabisa. Kisha nikaona uso wa mwana wangu, nikaacha kucheka.

"Ule ni Faradji," Magloire akasema polepole.

"Ule ni mutu wa picha, Papa Esther. Faradji iko na ndevu. Unaona ndevu?" Yvette akajibu.

"Sisemi ndevu. Ninasema kutembea."

"Kutembea ni kutembea."

"Hapana. Mutu mwenye alichora vile, alimuangalia Faradji sana. Alimuangalia mbele, akamuangalia nyuma. Mama Esther, ulimuangalia nyuma?"

Yvette angeweza kudanganya. Akasema, "Kama siangalie, nitachora nini?"

Magloire akamushusha mutoto, akachukua ufunguo wa pikipiki. "Kuna mutu ananingojea," akasema. Siku ya Mungu, saa ya joto lile, hakuna mutu alikuwa anamungojea.

Wivu ni mugeni mwenye haleti mukeka wake. Analala ku kitanda cha wenye nyumba, katikati yao. Toka siku ile Magloire akala mboga ya sombe ya muke wake kama mutu anayetafuta mufupa ndani. Akabeba watu akiwapitisha mbele ya kibanda cha Faradji hata kama njia yao ilikuwa ingine. Mama mumoja wa jirani alinieleza: "Nilimuambia anipeleke hospitali, akanizungusha soko yote. Nikamuuliza, 'Baba, hospitali imehama?'" Na kila jioni ni maswali. Leo alikuwa amevaa nini? Alicheka? Alicheka nini?

Asubuhi moja nikamukuta nyuma ya jiko. Bega la kuume mbele, la kushoto linafuata, kichwa kinaitika. Alikuwa anajaribu mwendo wa Faradji. Aliponiona akajinyoosha.

"Mugongo unaniuma, Mama."

"Pole," nikamuambia, nikaenda zangu.

Siku ile jioni akatoa neno lake. "Mama Esther, chagua. Ufute mwendo ya ule mutu, ama usikanyage tena kwake. Na ukikanyaga, usirudi hapa."

Yvette akaingia ndani, akaanza kukunja vitambaa. Nikachungulia: havikuwa vitambaa vya kushona, vilikuwa vyake vya kuvaa. Mwanamuke mwenye kupiga kelele unaweza kumutuliza. Mwenye kukunja nguo kimya, amekwisha kufika kwa wazazi wake.

Nikaita, "Magloire! Akifuta ule mwendo, mwanaume wa muchezo atafika kwa wakwe namna gani? Atatambaa?"

"Achukue yangu."

"Yako?" Yvette akatoka, kitambaa mukononi. "Papa Esther, mwendo yako nitaiona wapi? Unaondoka juu ya pikipiki, unarudi juu ya pikipiki. Faradji ninamuona akitembea kwa kuwa hana pikipiki. Wewe ninajua mugongo yako na moshi, basi."

Nilifikiri Magloire atamufokea. Akakaa ku kiti, akaangalia miguu yake kama imeletwa na mutu mwingine.

"Basi angalia sasa," akasema.

Akatembea toka jikoni mpaka choo. Ole wangu! Kifua mbele, mikono miwili kama mipini ya jembe. Esther-Divine akaanza kuimba wimbo wa kuingia darasani. Yvette alikuwa anamukamata picha na telefone, anauma mudomo.

"Tena," Magloire akasema.

"Unatembea kama umebeba jeneza."

"Nilisema tena!"

Ya pili ilikuwa mbaya kupita ya kwanza. Lakini Yvette hakurudi kukunja nguo, na mimi nikamushukuru Mungu kwa ile miguu mibaya.

Siku ya soko Magloire akafunga pikipiki ndani ya nyumba. Akajitwika mwenyewe kitunga cha mihogo ya muke wake, akatangulia kwa miguu. Mimi nilifuata na chupa zangu za mawese. Wenzake wenye pikipiki wakamuzomea: "Eh, Magloire! Mashini imekufa?" "Hapana, wamemunyang'anya!" "Waliacha kitunga tu!" Hakugeuka. Nyuma yake Yvette alishika telefone mbele ya uso, na kwa sababu alijua anaangaliwa, Magloire alikuwa angali anabeba jeneza lake.

Tulipokaribia kibanda, Faradji akatoka na ule mwendo wake wa ngoma, mukono juu.

"Mama Esther! Kuja uone, mbuzi imeota pembe!"

Magloire akasahau telefone, akasahau na miguu yake. Shingo ikatangulia, mikono ikakauka pembeni, visigino havigusi chini, hatua fupi fupi za mbio, sawa jogoo mwenye ameona jogoo mwingine mu lupango, ndani ya uwanja wake. Mihogo ikaanza kuanguka toka kwenye kitunga, na yeye hasikii.

"Usisimame!" Yvette akalia nyuma. "Endelea vilevile!"

Faradji akarudi nyuma hatua moja. Alifikiri muke anamutuma mume kupigana. Magloire naye akafika mbele yake, kifua kinapanda na kushuka.

"Kaka, kuna nini?" Faradji akauliza.

"Nimekuja... kukusalimia."

"Salimia basi."

"Habari."

"Muzuri. Mihogo yako iko inabaki njiani."

Yvette akaingia kati yao akicheka na machozi. Akaweka miendo miwili pamoja ku telefone, wa zamani na ule wa sasa hivi. "Angalieni. Mutu mwenye anafuata muke wake kwa wakwe, atatembea kama anakwenda ku sherehe? Anatembea hivi. Anaogopa, na anakasirika, na hajue atasema nini."

Magloire akaangalia sana.

Faradji aliangalia ule mwingine. "Na mimi ninatembea vile?"

"Tangu utoto," nikamuambia.

"Sikujua." Akautazama tena. "Na munaufuta? Ni muzuri kuliko huu wa jogoo."

"Tunaufuta," Magloire akasema.

Kuchora upya kulikuwa kazi ndefu. Musifikiri kwamba Magloire alipona. Kila Jumamosi alimupeleka muke wake kwa Faradji yeye mwenyewe, akakaa ku banki, kile kiti kirefu cha mbao, mikono imefungwa kifuani, akilinda. Faradji akiinama kuonyesha kitu, Magloire anakohoa. Lakini alimupeleka, na kazi ikaisha.

Siku ya kujaribu muchezo, watoto wa jirani wakajaa mu lupango yetu. Mwanaume alipotokea tu kati ya migomba, wakalia kwa sauti moja: "Papa Magloire!" Faradji alikuwa amesimama ku ukuta, akageuza uso. Mwana wangu naye akasogea karibu, karibu tena, mpaka akainama juu ya vichwa vya watoto. Walipokosa na mwanaume akarudi nyuma, aliumia kabisa. "Jibuni vizuri! Munanirudisha nyuma!"

Wakafika ku gogo. Kitendawili cha mwisho: Ninamulisha kila siku, hashibi, nikimunywesha maji, anakufa.

Magloire akasema mbele yao wote: "Pikipiki!"

Wakaandika pikipiki. Mwanaume akageuka na mbuzi wake.

"Hapana!" Magloire akasimama. "Faradji, muchezo wako ni mubaya. Tia maji mu benzini uone kama pikipiki haifi!"

"Jibu ni moto wa jikoni," Faradji akasema. "Mashini inajua jibu moja." Na alisema kwa utamu, nilimusikia.

"Mama!" Mwana wangu akanigeukia, muzee muzima na ndevu, kama siku ya utoto wake aliponyang'anywa muwa. Ng'ambo ya muto ule mwanamuke wa picha alikuwa angali anangoja, na Yvette hakuangalia telefone, aliniangalia mimi.

Kwetu mwenye kutega ndiye anakubali jibu ama analikataa. Vitendawili vilikuwa vyangu.

"Pikipiki inakula kila siku," nikasema, "na haijawahi kushiba mu nyumba hii. Ninakubali. Faradji, andika."

"Mama Magloire, mashini..."

"Andika, baba."

Akafungua ordinatere, akaandika bila kuniangalia, akachelewesha vidole makusudi. Watoto wakaanza tena toka mwanzo. Walipofika ku gogo Magloire akawanyang'anya telefone, akaishika kwa mikono miwili, akaandika jibu lake herufi kwa herufi, na hakuirudisha kwa mutoto hata mumoja mpaka ule mwanaume, shingo mbele, akavuka, akafika ku mulango.