Kadi ya Fundi

Mchoraji alitaka kadi moja tu itoweke kabla wifi yake hajaiona, na kwa haraka ile hakupata njia nyingine ila kuikalia. Aliichomoa kwenye rundo wakati Kiroboto, mtoto wa marehemu kaka yake, ameinama kupanga kete. Akaisukuma chini ya paja, akatengeneza gauni, kisha akakaa wima kama bibi harusi anayepigwa picha.

Ilikuwa Jumamosi, siku anayokuja kula kwa wifi yake. Chumba kilikuwa kimoja na pazia katikati: upande mmoja kitanda, upande wa pili cherehani na nguo za wateja zilizoning'inia kwenye misumari. Ukutani hapakuwa na picha hata moja. Zote zilikwenda na maji mwaka ule wa mafuriko, na Kiroboto, aliyekuwa bado tumboni, hakuwahi kuiona sura ya baba yake.

Jina la Kiroboto alilipata kwa kutotulia. Ijumaa jioni alikuwa amerudi kutoka shule na boksi la mchezo; darasa la pili walipeana zamu ya kwenda nalo nyumbani.

"Shangazi, umeuchora wewe! Mwalimu amesoma jina lako kwenye boksi. Nikasimama."

"Ukasimama ili iweje?"

"Ili wanione."

Mchezo uliitwa Mto Umejaa. Unarusha dadu, unapanda kutoka ukingoni hadi shule iliyo kilimani, na njiani unachukua kadi. Kadi nzuri ilikupeleka mbele: umemshika mdogo wako mkono, umebeba maji safi. Kadi mbaya ilikurudisha nyuma. Na ilikuwepo moja iliyokutoa mchezoni kabisa. Juu yake, mwanamume mwenye kitambi, futi ya kupimia shingoni, penseli sikioni, kiatu mguu mmoja, alikuwa amekumbatia cherehani huku maji yakimfika kiunoni na macho yamemtoka kama mayai ya kuchemsha. Chini yake paliandikwa: "Umerudi kuchukua cherehani. Kwaheri, fundi!"

Kaka wa mchoraji alikuwa fundi cherehani. Maji yalipopanda, alikuwa ameshafika mahali pa juu pamoja na mkewe, kisha akateremka tena kuifuata mashine. Mashine ilitolewa kwenye tope, ikaoshwa, ikatiwa mafuta, na ndiyo hiyo iliyosimama pale chumbani, ndiyo inayomlisha Kiroboto. Mwenyewe alipatikana baadaye, mbali, na kiatu kimoja.

Mchoraji hakukusudia kumchora. Ndivyo alivyojiambia. Mhariri aliyesimamia mchezo huo, mtu wa vicheko, ndiye aliyelalamika: "Mchoraji wangu, hapa pamepoa kama chai ya jana. Nipe mtu mjinga, watoto wacheke." Mkono ukaenda wenyewe.

Lakini kwenye kikao cha kuwaonyesha walimu mchezo huo, si mkono uliosema. Mwalimu mmoja wa makamo aliishika kadi ile, akasema taratibu kwamba darasani kwake kuna watoto waliofiwa, na kwamba kuyageuza maafa ya watu kuwa mchezo si ustaarabu. Mchoraji akasimama. "Mimi kaka yangu alikufa kwenye mafuriko. Mtoto akicheka, hasahau. Nani hapa atanifundisha mimi adabu ya msiba?" Mwalimu akaomba radhi, akaketi. Mhariri akamkonyeza mchoraji, naye akarudi nyumbani kifua mbele.

Baada ya hapo maneno ya kadi yalitoka madarasani yakaingia mitaani. Mtu akisahau mwavuli, akigeuka tu, watoto wanampigia kelele: "Fundi karudi!" Wifi aliyasikia, akadhani ni utani wa watoto tu. Kuna siku mchoraji alisahau mkoba wake, akarudi mlangoni kuuchukua, na wifi mwenyewe akamtania: "Haya, fundi karudi!" Mchoraji alicheka kwa meno tu. Tangu siku hiyo hakulala vizuri.

Sasa kadi ilikuwa inamchoma pajani.

Walicheza. Wifi aliacha kukunja nguo, akaja kuketi nao mkekani. "Nami nipeni kete. Hiyo nyekundu, ya wasiozama."

Rundo likaisha. Kiroboto akakunja uso. "Fundi yuko wapi?"

"Fundi gani tena?" mama yake akauliza.

"Kadi ya fundi! Ndiyo tamu kuliko zote. Haipo!" Akapekua boksi, akainua ubao wa mchezo, akatikisa mto. "Mwalimu atasema nimeipoteza. Hatanipa zamu tena." Midomo ikaanza kumcheza.

"Labda haikuwemo," mchoraji akasema.

"Ilikuwemo! Tulizihesabu na mwalimu!"

"Basi tutafute." Naye akatafuta, Mungu amsamehe. Bila kuinuka, alinyoosha mkono chini ya kitanda akapapasa vumbi.

Wifi alikuwa anamtazama. "Wifi, hebu inuka."

"Miguu imekufa ganzi."

"Inuka, itafufuka."

Akainuka. Kadi ilikuwa imegandia kwenye gauni. Ikaning'inia kidogo, ikaanguka, picha juu.

"Shangazi kaikalia!" Kiroboto akaruka, machozi yakiwa bado mashavuni. "Shangazi mwizi! Fundi karudi! Fundi karudi!"

Wifi akaiokota. Alisoma maneno. Kisha kidole chake kikapita kwenye futi, kikapita kwenye penseli, kikafika kwenye kile kiatu, kikatulia hapo. Mchoraji alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Kiroboto, nenda ukanunue chumvi."

"Chumvi ipo, mama."

"Nenda ukanunue nyingine."

Mtoto alipotoka, wifi akasema, "Huyu ni mume wangu."

"Ndiye."

"Hata kiatu umekiweka."

Mchoraji alikuwa na jibu lake, lile lililomketisha mwalimu. Akaliacha. "Nisamehe, wifi yangu."

"Umeandika amerudi." Wifi hakupandisha sauti. "Hakurudi. Nilimrudisha mimi. Nilimwambia, bila mashine mtoto tutamlea kwa nini? Akasema maji ni mengi. Nikamwambia, wewe ni mwanamume gani." Akaiweka kadi juu ya cherehani. "Watoto wanamcheka mjinga. Mjinga mwenyewe ni mimi, na hukunichora."

Kwa miaka yote ile wamekula pamoja kila Jumamosi, na neno hilo halikuwahi kutoka. Mchoraji alitaka kumshika mkono, akaona mkono wake mwenyewe haufai. Ndio uliochora.

Kiroboto akaingia anahema, na chumvi. Akawatazama mmoja mmoja. "Mmegombana kwa ajili ya kadi?"

Mama yake akamvuta karibu. "Huyu fundi ni baba yako. Shangazi ndiye aliyemchora."

Kiroboto akaichukua kadi, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Alisimama pale bila hata kukuna mguu.

"Baba alikuwa na macho makubwa hivi?"

"Hapana, mwanangu," mchoraji akasema. "Macho niliyaharibu mimi. Nilitaka watu wacheke."

"Yalikuwaje?"

Mchoraji alikulia nyumba moja na mtu yule, walilala kitanda kimoja utotoni wakigombea shuka, lakini sasa kila alipomtafuta alimjia na macho ya kadi.

"Madogo," wifi akasema kwa niaba yake. "Akicheka yanapotea kabisa."

Kiroboto akairudisha kadi kwenye boksi, picha chini, akafunika.

"Jumatatu wakicheka darasani, na mimi nicheke?"

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo. Wifi akageukia nguo zake.

"Jumatatu nitakupeleka mimi shule," mchoraji akasema hatimaye. "Nitawaambia ni nani, na nani aliyemchora hivyo."

"Basi uje na kifutio, shangazi. Na penseli. Uyafute macho, uyafanye madogo."

Mchoraji akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba wino wa chapa haufutiki kwa kifutio, wala kwamba shule nyingine nyingi zina boksi kama lile.

"Nitakuja nacho," akasema.