Viti vya Pikipiki ya Ngavaine

Ngavaine alivua ndala, akapanda pikipiki nyekundu iliyosimama uani kwa Mama Rangi, akashusha miguu yote miwili. Nyayo zote ziligusa saruji, kuanzia kisigino mpaka kidole gumba. Akatulia hapo kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu dukani.

"Hiyo imekukubali," alisema Mama Rangi.

Mama Rangi aliuza pikipiki zilizotumika katika kijiji cha Matavera, upande mmoja wa kisiwa, nyuma ya nyumba yake, kati ya kamba za nguo na makaburi ya wakwe zake. Jumamosi hiyo alikuwa nazo mbili tu. Nyekundu ilikuwa ndogo, injini ya cc mia na kumi, nyepesi, haina klachi. Nyeusi ilikuwa kubwa kama ng'ombe aliyeketi, na kwenye tangi lake ungeweza kujitazama meno.

Ukiacha mizunguko michache kwenye uwanja wa raga kwa pikipiki ya jirani, Ngavaine alikuwa hajawahi kuendesha. Maisha yake yote alikuwa amekaa nyuma ya mtu. Lakini Jumatatu ya juma la pili kutoka siku hiyo yangeanza masomo ya jioni mjini Avarua, ya kazi ya mapokezi hotelini, na basi la mwisho liliondoka mjini kabla darasa halijaisha. Kwa miaka minne alikuwa akikunja mashuka katika hoteli moja pale Muri. Alitaka kukaa mbele, kwenye meza yenye maua, awe yeye anayewaambia watu kia orana, yaani karibu, wakiingia. Bila pikipiki hakuna darasa, na bila kufaulu mtihani wa udereva siku ya Ijumaa hakuna pikipiki.

Hakuja peke yake. Pale kisiwani hata ndoo watu huenda kununua wawili. Alikuja na mama yake, Mama Kura. Na shangazi yake, Mama Moeroa, aliyekuwa tayari amepata kiti kivulini. Na kaka yake Tutai. Na binti yake Akaiti, wa miaka minne, aliyekuwa akimfukuza kuku mmoja kuzunguka kaburi.

Mama Rangi aliilaza nyekundu chini, taratibu, kama anamlaza mtoto.

"Iinue," alisema. "Ukishindwa hapa penye jua, utaiweza vipi siku umeanguka na mvua inakupiga?"

Ngavaine akachuchumaa, akageuza usukani, akasukuma kwa mapaja. Ikasimama. Kisha akapanda nyeusi. Vidole vyake vya miguu vilifika chini, visigino vikabaki hewani, na pikipiki ikaanza kuegemea upande wa kulia kwa utulivu kabisa, mpaka Tutai akaidaka.

"Utazoea," Tutai alisema. "Hiyo nyekundu ni ya kwendea kununua mayai, dada. Na unarudi bila mayai."

"Ya kwako wewe iko wapi?"

"Iko mtaroni. Lakini ilikuwa kubwa."

Mama Kura hakuwa na shughuli na nyeusi. Alikuwa anaipapasa nyekundu mgongoni. "Mimi naona hii inatosha," alisema. "Mradi Jumapili unipeleke kanisani."

Nyuma ya kiti cha pikipiki kukasikika sauti kama ya mfuniko wa sufuria ukifunguka, na kiti cha pili kikachomoza. Kilikuwa kipya, bado kina nailoni yake. Mama Kura akabandua nailoni, akakaa kiupande, kama wanavyokaa kina mama wenye kofia nyeupe Jumapili, akaona kinamfaa.

"Hilo nilitaka kuwaambia," alisema Mama Rangi. "Hizi ndogo zinasikia. Wateja wangu huwa nawaambia wakaongelee pembeni."

"Na nyeusi?" aliuliza Ngavaine.

"Ile kiziwi. Uiombe, uitukane, kwake ni mamoja. Ila ndiyo hivyo, miguu yako haifiki."

Mama Moeroa, ambaye hakuwa akifuatilia, akainua kichwa pale kivulini. "Kama mnachukua hiyo ndogo, basi na mimi Jumanne unipeleke kwa wenzangu tukashone."

Sufuria ikafunguka tena. Ngavaine akaitazama nyekundu, pale alipokuwa amekalia mwanzo. Kiti chake cha mbele kilikuwa kimepungua kama upana wa vidole viwili, maana chuma cha kutengenezea hivyo vingine kililazimika kutoka mahali.

Akazitazama pikipiki zote mbili kwa muda mrefu. Watu angeweza kuwaomba wanyamaze. Miguu asingeweza kuirefusha.

"Nachukua nyekundu," alisema. "Na tuondokeni kabla hamjasema kitu kingine."

*

Walikaa Titikaveka, barabarani kabisa, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Ngavaine aliegesha pikipiki karibu na mlango wa jikoni, akaifunika kwa tivaevae ya zamani, lile shuka zito la viraka vya maua ambalo bibi yake alikuwa amelishona kwa mkono. Akawaomba watu wa nyumbani wasiseme chochote kuhusu safari ndani ya hatua kumi kutoka hapo. Wote wakakubali. Mama Kura hata akawa anatembea kwa vidole anapokwenda kumwaga maji.

Lakini watu wa kisiwa kile huongea pale walipo. Mchungaji alipita asubuhi kuuliza habari za mgonjwa mmoja, akaegemeza mkono kwenye tivaevae, akasema siku mojamoja watapitia wote Ngatangiia kuwatazama wazee. Jirani mwenye nyavu akasema samaki wake hawana miguu. Mjomba wa Auckland alipiga simu, na Mama Kura, ambaye husikiliza simu kwa sauti ya juu ili na wengine wafaidi, alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. "Krismasi utanipokea uwanja wa ndege, mwanangu," mjomba alimwambia Ngavaine. Kiti cha kwake kilitoka na sehemu ya kufungia mabegi.

Tutai alijitahidi sana. Alinyamaza mpaka Jumatano. Jumatano jioni akasema, "Mimi sisemi kitu. Nasema tu kwamba mazoezi yetu ya raga yanafanyika Arorangi," na hicho kilikuwa kiti kizuri kuliko vyote, chenye pa kuegemea mgongo.

Kufikia Alhamisi pikipiki ilianzia mlangoni pa jikoni ikaishia kwenye kaburi la babu, mbele ya nyumba. Kuku walilala juu yake kwa mstari. Babu mwenyewe alitoka jioni, kama kawaida yake, akaitazama urefu wote, akarudi ndani ya kaburi bila kuomba lifti. Hata alipokuwa hai hakupenda kutembea.

Kiti cha Ngavaine kilikuwa kimebaki upana wa kiganja.

"Mama," alisema akiwa anamenya magimbi yaliyochemshwa, "mbona hakuna anayeniuliza mimi nakwenda wapi?"

Mama Kura akamshangaa. "Si unakwenda na sisi?"

Alisema kwa upendo wote. Kisha akachagua kipande kikubwa cha gimbi, akampelekea Akaiti.

*

Mtahini wa Ijumaa aliitwa Teariki, mwanaume mnene mwenye filimbi na viatu vilivyopigwa rangi. Alikuwa amepanga koni kwenye uwanja wa saruji, za kuzungukwa kwa umbo la tarakimu nane. Aliipima pikipiki kwa macho kutoka taa ya mbele hadi taa ya nyuma, akalazimika kutembea.

"Mwanafunzi haruhusiwi kubeba abiria," alisema.

"Sijabeba abiria. Ni viti."

Teariki akafikiri. "Ni kweli," alisema. "Viti si abiria. Injini cc ngapi?"

"Mia na kumi."

"Umechagua vizuri. Vijana wanakuja hapa na vitu vinavyowazidi nguvu. Breki?"

Akamwonyesha breki. Akamwonyesha indiketa, akamwonyesha jinsi anavyotazama nyuma juu ya bega kabla ya kuondoka, ingawa kwa urefu ule nyuma kulikuwa mbali na kulikuwa na ukungu kidogo. Kisha akaondoka. Alikwenda polepole, macho yakiwa kule anakotaka kufika na si kwenye tairi, kama alivyojifundisha. Pikipiki ilikuwa nyepesi na mtiifu, mkia wake ukifuata mbele kama foleni ya watoto wa shule ya Jumapili. Koni ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Akaiti alikuwa ukutani na Mama Kura, akipiga makofi kwa kila moja.

Ilibaki koni moja. Teariki akatazama saa yake.

"Ukimaliza hapo," aliita, "nishushe pale kwa mwenye donati. Na siku nyingine pia ukipita."

Nyuma kabisa sufuria ikafunguka. Kiti kilichomoza kwa upana, kwa kuwa Teariki alikuwa mpana, na kikaipiga koni ya mwisho, ikalala.

Ngavaine akafunga breki. Koni moja chini ni kufeli, na mtihani mwingine ungekuwa baada ya mwezi, darasa likiwa limeshakwenda zake.

Teariki akaenda mpaka kwenye koni, akainama, akaitazama, akakitazama kiti. Akakaa juu yake kujaribu.

"Hii imeangushwa na nani?"

"Na kiti," alisema Ngavaine.

"Kiti cha nani?"

"Chako, Baba."

"Basi koni nimeangusha mimi," alisema Teariki, "na mimi leseni ninayo." Akapuliza filimbi. "Umefaulu. Twende, donati zinaisha."

*

Jumatatu Ngavaine alioga mapema, akavaa blauzi yenye maua meupe, akasuka nywele. Alipotoka nje viti vyote, isipokuwa cha mjomba na cha Teariki, vilikuwa vimeshakaliwa.

Avarua iko upande wa pili wa kisiwa, na barabara inazunguka kisiwa chote, kwa hiyo unaweza kwenda kwa kulia au kwa kushoto. Abiria wake walitaka kote kuwili. Akawashusha Mchungaji na jirani wa samaki upande wa Ngatangiia. Akaingia Avarua, akapita mbele ya darasa, akaliona limewashwa taa na wenzake wanavuta viti, akaendelea, kwa sababu Tutai alikuwa anashukia Arorangi na Mama Moeroa alikuwa na neno fupi na mtu huko huko. Neno lilikuwa refu. Aliporudi, Mwalimu Tepori alikuwa amefuta ubao mara moja.

Ikawa hivyo Jumatatu zote na Jumatano zote. Ngavaine alijifunza nusu ya pili ya kila somo. Alijua kumrudishia mgeni pasipoti yake, kumuuliza kama amesahau chaja, kumvisha mkufu wa kombe za baharini na kumtakia safari njema kwa lugha tatu. Kumkaribisha kulikuwa kukifundishwa kabla hajafika.

"Unaaga vizuri kuliko wote hapa," Mwalimu Tepori alimwambia. "Nashindwa kukupa cheti kwa sababu sijakuona ukimpokea mtu."

"Nitawahi Jumatano, Mwalimu."

"Kwa pikipiki ile?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Jumatano alasiri, watu wakiwa wamelala baada ya chakula, alitoka nje akachuchumaa karibu na taa ya mbele. Akaiti alikuja akachuchumaa pia, kwa kuwa alichuchumaa kila mama yake alipochuchumaa.

Ngavaine hakuwa amewahi kuiambia pikipiki kitu. Aliona haya kidogo. Akasafisha koo.

"Mimi nakwenda darasani," aliiambia. "Saa kumi na mbili kamili. Nataka niwe ndani wakati mwalimu anasalimia."

Pikipiki ikanyamaza kidogo, kama mtu anayerudia maneno moyoni ili asikosee. Kisha sufuria ikafunguka.

Walitembea wameshikana mikono mpaka nyuma, yeye na Akaiti, wakipita kiti cha Mama Kura, cha Mama Moeroa, cha Mchungaji, cha jirani, cha mjomba chenye pa mabegi, cha Tutai chenye pa kuegemea, cha Teariki. Nyuma ya hivyo vyote, karibu na taa nyekundu, kulikuwa na kiti kipya. Kilikuwa kizuri. Kilikuwa cha kipimo chake hasa, na ubavuni kulikuwa na mfuko mdogo wa kuwekea daftari. Akaiti akakipapasa.

"Cha nani hiki, Mama?"

"Changu."

Akakikalia. Kilimbeba vizuri, nyayo zake zikafika chini zote. Kutoka pale usukani ulionekana mdogo sana.

Akina Mama Kura walipoamka waliona kiti kile na wakafurahi. Wakajadiliana kidogo ni cha nani. Tutai akasema huenda ni cha mtu ambaye bado hajaomba. Mama Kura akasema basi kisikae bure, akaweka juu yake kikapu cha ndizi za kumpelekea dada mmoja wa kwaya, akakifunga kwa kamba mara mbili kwa uangalifu, na pale penye mfuko akachomeka kisu cha kumenyea.

"Sasa tumeenea wote," alisema. "Twende, usije ukachelewa."

Ngavaine akaenda mbele, akakaa kwenye upana wake wa kiganja, akatazama nyuma juu ya bega, akawasha. Walimshusha Mchungaji, wakamshusha jirani, wakaenda Arorangi, wakasubiri neno fupi la Mama Moeroa, wakapeleka ndizi, dada wa kwaya akampa Mama Kura kikapu kingine cha ndizi za aina nyingine, kikafungwa pale pale, wakarudi Avarua. Gurudumu la mbele lilipogusa kizingiti cha darasa, kile kiti chake kipya cha nyuma, chenye ndizi, kilikuwa bado kule kona ya duka la mikate, na ndani Mwalimu Tepori alikuwa anawaambia wanafunzi wafungue ukurasa wa kuaga.