Ubatizo Ulioishia kwa Baba

Kila Ijumaa, kazi za asubuhi zikishatulia, Padri alifika wodi ya wazazi kuchukua orodha. Orodha yenyewe ilikuwa ukurasa wa mwisho wa kitabu cha ripoti, nyuma kabisa, ambako daktari hafiki. Humo waliandikwa watoto waliobatizwa na wakunga kwa sababu muda wa kumngoja padri haukuwepo. Kanisa linaruhusu. Mtoto akiwa anakata roho, yeyote aliye karibu anaweza kumwaga maji mara tatu na kutaja majina matatu, na ubatizo huo ukawa ubatizo. Wakunga wa wodi ile walikuwa na kikombe chao cha bati kwa kazi hiyo tu, na ole wake mwanafunzi aliyejisahau akakinywea chai.

Ijumaa hiyo mkunga mkuu aliomba moyoni pikipiki ya Padri ipate pancha. Aliona aibu kuomba hivyo, lakini aliomba.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika wodi ile. Alishapokea watoto ambao sasa walimletea wake zao, na ubatizo wa dharura aliujua kama alivyojua kufunga kitovu. Ila mstari wa mwisho wa ukurasa ule, ulioandikwa kwa mkono wake, ulikuwa umemnyima usingizi tangu Jumanne. Ulisema: saa saba na dakika arobaini mchana, mtoto wa kiume, amebatizwa. Mama wa mtoto alikuwa wifi yake, mke wa mdogo wake wa pekee. Na mstari ule, theluthi mbili zake zilikuwa uongo.

Wifi huyo alikaa miaka tisa katika ndoa bila mtoto, na miaka yote tisa alijikinga kwa ulimi. Ndiye aliyempa mkunga jina la Mkaguzi, kwa kuwa mkunga hakuwahi kuingia nyumbani kwao bila kufunua sufuria. Mimba iliposhika, alimwambia, "Mkaguzi, safari hii kagua tumbo. Sufuria zangu niachie." Mtoto wakampa jina la utani la Mzee, maana alisubiriwa kama mgeni rasmi, kila mtu amekaa wima na yeye haonekani.

Mzee alikuja wiki kumi na tatu kabla ya siku zake, mchana kweupe, wakati wa kubadilishana zamu. Hakufika hata kilo moja. Daktari na muuguzi walikuwa nyuma ya pazia wanapambana na damu ya mama, na mkunga alibaki peke yake na mtoto kwenye meza yenye taa ya joto. Mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa kibichi. Chini ya kidole cha mkunga moyo uligonga, ukakaa, ukagonga tena kama mtu anayeondoka mlangoni.

"Wifi," sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Mbatize."

Akachukua kikombe. "Nakubatiza kwa jina la Baba," akasema, na kumwaga maji ya kwanza kwenye kile kipaji kidogo.

Maji yalikuwa ya baridi. Mtoto alishtuka, kifua kikaingia ndani, akakohoa.

Mkunga hapewi nafasi ya kufikiri hapo. Mikono yake iliweka kikombe chini yenyewe, ikachukua barakoa ndogo na mpira wa kupumulishia, ikaanza kazi. Kubana, kuachia. Kubana, kuachia. Kwa dakika kumi na moja hakukuwa na Mungu wala malaika chumbani, palikuwa na kile kifua kinachopanda na kushuka. Mara nne mtoto alivuta pumzi mwenyewe. Halafu hakuvuta tena. Mkunga alipoinua macho, kikombe kilikuwa pale alipokiweka, maji tele, na aliyepaswa kumwagiwa alikuwa ameshaondoka.

"Umembatiza?" wifi aliuliza.

"Nimembatiza," mdomo ukajibu kabla mwenyewe hajaujua utasema nini. Kisha ikabidi ripoti iandikwe, na mkono ukafuata mdomo.

Kilichomtafuna si kwamba alifanya uzembe. Uzembe angeutubu na kuumaliza. Aliacha katikati kwa sababu aliamini mtoto atapona. Tumaini lake mwenyewe ndilo lililomnyang'anya mtoto yale majina mawili yaliyobaki.

Pikipiki ya Padri haikupata pancha. Alikuwa padri kijana, mwembamba, mwenye viatu vya mpira visivyotoa sauti, hivyo wauguzi walizoea kumkuta ameshakaa chumba cha chai kabla hawajaficha umbea wao. Alifungua ukurasa wa mwisho, akatoa kalamu.

"Huyu wa Jumanne ni wenu, sivyo? Pole sana, Mama."

"Usimwandike bado, Padri."

Akamweleza yote, amesimama, mgongo mlangoni ili mtu asiingie. Padri aliweka kalamu mezani polepole.

"Jina moja tu?"

"Moja."

"Basi kwa Kanisa bado," alisema. "Haukukamilika. Nasikitika, lakini siwezi kusema vingine."

Mkunga alikuwa amelitarajia jibu hilo, na bado lilimpiga. "Padri, wewe ndiye ulitufundisha. Hapa hapa, ulipotuletea ule ubao wa mafundisho, ukasema watatu hawaachani. Ukasema mtu hawezi kuitwa baba kama hana mtoto, kwa hiyo ukisema Baba umeshamsema na Mwana. Sasa mimi nimemwita Baba. Hao wengine walikuwa wapi? Walikaa nje kwenye benchi wanangoja kuitwa?"

Padri alitaka kucheka, ikashindikana. "Hawakukaa nje."

"Walikuwepo?"

"Walikuwepo. Hakuna mahali Baba yupo na Mwana hayupo. Wala Roho."

"Basi mwandike."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Mungu alikuwepo mzima, ila ubatizo haukuwepo mzima. Mimi kazi yangu ni kuandika ubatizo. Mungu mwenyewe sina daftari lake."

"Ana makarani wakali, huyo Mungu."

"Karani ni mimi," Padri alisema kwa upole. "Yeye si karani. Ubatizo ametupa tuushike sisi, hakujifunga nao mikono yake. Mtoto yule yuko kwa mwenye huruma, na nitamkumbuka katika misa. Ila cheti..." Akakifunga kitabu. "Mama yake alinipigia simu jana. Anataka cheti cha ubatizo."

Mkunga alijua. Hospitali ilimtoa wifi Alhamisi na karatasi iliyohesabu damu aliyopoteza na vidonge vya kumeza, na kuhusu mtoto ikasema maneno mawili. Sandukuni walimweka Jumatano, baba yake na mkunga mwenyewe, mama akiwa bado kitandani wodini. Hakumwona akifukiwa. Alichotaka ni karatasi moja inayosema kwamba mtu alipita.

"Atakuja Jumapili," Padri alisema. "Nitamwambia sina. Ataniuliza kwa nini. Ingekuwa vizuri asisikie kwangu."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kalamu aliirudisha mfukoni bila kuandika.

Mkunga alitoka kazini saa tisa akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake. Alimkuta mlangoni na ndoo. Mdogo wake alikuwa fundi wa madirisha, mtu wa kupima mara mbili na kusema mara moja, na tangu Jumanne hata hiyo mara moja ilikuwa imepungua.

"Amekuulizia, dada. Hajala, lakini amekuulizia." Akaondoka kwenda bombani.

Wifi alikuwa amelala chali, shuka hadi kiunoni, blauzi imelowa kifuani mahali pawili. Maziwa yalikuwa yameingia.

"Mkaguzi," alisema bila kugeuza shingo. "Njoo uyaambie na haya. Hayajapata taarifa."

Mkunga alikamua kitambaa kwenye maji ya baridi, akamwekea titi moja, kisha la pili. Yalikuwa magumu kama mawe. "Usiyakamue, hata yakiuma. Ukikamua yatadhani yanahitajika."

"Yatadhani," wifi akarudia. "Yana akili kuliko mimi."

"Wifi, nina neno."

"Ukiwa na neno wewe, kuna mtu kakosea."

"Mimi." Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Mtoto sikumbatiza. Nilianza, sikumaliza. Nilimwita Baba, nikamwagia maji mara moja, nikaacha. Padri hawezi kukupa cheti."

Nje ndoo iligonga bomba.

"Uliniambia umembatiza."

"Nilikudanganya."

"Nimelala pale, nimefunguliwa kama mlango, hata kichwa siwezi kuinua. Nikakuuliza."

"Ndiyo."

"Siku tatu nimelalia neno lako hilo. Sikuwa na godoro lingine." Hakupandisha sauti. Mkunga angependa ampandishie. "Na aliyeniharibia si daktari wala mtu baki. Wifi yangu. Kwa nini uliacha?"

"Alivuta pumzi."

Wifi aligeuka, vitambaa vikaanguka. "Nani?"

"Mzee."

"Daktari alisema alitoka ameshachoka. Alisema hakuamka."

"Daktari alikuwa kwako. Maji yalipomgusa alishtuka, akavuta pumzi. Nikaona ataishi. Nikaweka kikombe nikashika mpira. Sikukumbuka kingine, wifi. Niliona ataishi."

"Alilia?"

"Hakulia. Alikohoa." Mkunga alitafuta neno la kweli. "Kama mzee hasa, anayetaka watu wanyamaze aseme."

Sauti iliyomtoka wifi ilianza kama kicheko na ikaishia pengine. Alilia akiwa ameshika matiti yake kwa mikono miwili, maana kilio kilikuwa kikiyatikisa na yalikuwa yakimuuma. Mkunga hakumgusa. Aliokota vitambaa, akavilowesha, akangoja.

"Huyo Baba uliyemwita," wifi alisema, pua imeziba. "Si ndiye ambaye mwanawe walimtundika, na yeye anaona?"

"Ndiye."

"Na hakushuka kumtoa."

"Hakushuka."

"Sijawahi kumpenda kwa hilo. Tangu mafundisho ya utotoni. Nilikuwa nasema, baba gani huyu, anakaa tu. Sikumwambia mtu, ningefukuzwa." Alifuta uso kwa shuka. "Jumanne nilikuwa hatua nne kutoka kwa mwanangu. Nilikuwa nasikia ule mpira wako unavyopumua. Sikujua ni nini, ila nilikuwa nausikia. Nami nikakaa tu."

"Usingeweza, wifi."

"Nisikilize. Unasema uliita jina moja. Basi uliyemwita ni mfiwa. Sijui kama ana nguvu au hana, huko mtajua ninyi na Padri. Lakini mwanangu alipofika, wa kwanza kuitwa alikuwa mtu aliyefiwa na mwana. Angalau hatamuuliza ametoka wapi."

Mkunga alijua Padri angekuwa na la kusahihisha hapo: kwamba asiyeweza na asiyetaka si kitu kimoja, na kwamba habari ya yule Mwana haikuishia msalabani. Alijua hata maneno ambayo Padri angeyatumia. Hakuyasema. Katika miaka yote aliyotaja majina yale matatu, haraka, maji yakichuruzika, alikuwa amemwona Mungu kama mtu mzima mwenye afya aliyesimama mbali na vitanda. Haikumjia hata mara moja kwamba alikuwa akimwita mtu anayekijua chumba kile kwa ndani.

"Sijakusamehe," wifi alisema.

"Najua."

"Nilikuwa nakitaka kile cheti."

"Najua."

"Umesema alipumua mara ngapi?"

"Mwenyewe, mara nne. Nikimsaidia, dakika kumi na moja."

Mdogo wake alikuwa ameshasimama mlangoni, ndoo mkononi, na uso wake ulionyesha kwamba amesikia ya mwisho. Wifi alimwona.

"Ingia. Dada yako ana habari za mwanao, amezificha siku tatu. Weka ndoo. Niletee lile daftari lako la vipimo, na kalamu."

Akaleta. Lilikuwa daftari la upana na urefu wa madirisha ya watu, na wifi alilifungua hadi akakuta ukurasa mweupe, akamkabidhi mkunga.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Kilichotokea. Saa, na maji, na jina ulilotaja. Usiongeze kitu. Nimechoka na mistari ya uongo."

Mkunga aliandika kwa maandishi ya ripoti, herufi zimesimama wima, huku akisoma kwa sauti ili mdogo wake asikie. Siku. Saa. Mtoto wa kiume. Alimwagiwa maji mara moja, kwa jina la Baba. Alikohoa. Alivuta pumzi mwenyewe mara nne. Alihudumiwa dakika kumi na moja. Mdogo wake alikaa sakafuni, mgongo ukutani, midomo ikifuata kila neno. Mwisho mkunga aliweka jina lake na sahihi, akampa wifi daftari.

Wifi alisoma. Akarudia kusoma. Kisha akamrudishia.

"Ongeza. Mama yake alikuwepo."

"Niseme nyuma ya pazia?"

"Pazia usiliandike."

Mkunga akainamia daftari, akaandika kwamba mama yake alikuwepo.