Karani wa Wickleford

Katika baraza la kijiji karani huandika tu. Kura hana. Tamsin Hockaday, karani wa kijiji cha Wickleford, Uingereza, alilijua hilo, lakini mchana ule lilimchoma kama mwiba wa samaki. Mbele ya wajumbe watano kulikuwa na ombi la kujenga nyumba sita za kodi nafuu nyuma ya kanisa, kwa wazaliwa wa Wickleford. Tamsin alizaliwa hapo. Na mwenye nyumba wake alishampa notisi. Alitaka kuwapangishia watalii.

"Leo sita, kesho sitini," alisema Gerald Prowse, mwenyekiti. "Mnara wa kanisa tutauonea wapi?"

"We Gerald, kwako mnara huuoni hata ukipanda juu ya paa!" Bi Muriel, mjumbe mwenzake, alimtania. Wakacheka.

Tamsin akapata tumaini. Bi Muriel ndiye aliyemfundisha Biblia utotoni, ndiye aliyemshika mkono siku ya kumzika mama yake.

"Moyo wangu uko na vijana," Bi Muriel akaendelea. "Ila jamani, pale ndipo ninapomtembeza mbwa wangu." Akanyoosha mkono kupinga.

Wengine nao wakapinga: watano kwa sifuri. Tamsin akaandika.

"Sasa tovuti yetu," alisema Prowse. "Tamsin, binti yangu, una kalamu tamu wewe. Andika sisi ni watu wa upendo, tunakaribisha familia changa."

"Zikae wapi, Bwana Mwenyekiti?"

Wajumbe wakainamia karatasi zao.

"Usiwe hivyo, mwanangu," alisema Bi Muriel. "Kwani wewe hukai vizuri?"

"Mpaka mwisho wa mwezi."

"Aa, utapata tu. Msichana mchapakazi kama wewe!" Akamsogezea keki ya limau.

Walipoinuka kwenda kunywa chai, Tamsin alifungua ukurasa wa kijiji. Kanisa: la miaka mia nane. Baa: wazi Alhamisi hadi Jumapili. Basi: Jumanne, moja. Shule: akaifuta, maana ilifungwa tangu mwaka jana. Ile sentensi ya upendo akaiandika kama alivyoagizwa, neno kwa neno. Chini yake akaongeza: Kazi. Anatakiwa karani wa baraza, kuanzia mwezi ujao. Makazi ajitafutie.

Bi Muriel akaja na kikombe chake, akasoma juu ya bega la Tamsin.

"Yesu wangu, Tamsin! Sasa nani atatuandikia?"

Tamsin akabonyeza kuchapisha.