Nani Huyu Namba Sifuri?

Tuseme ukweli: Fundi hakuutengeneza ule mchezo kwa mapenzi. Aliutengeneza ili binti zake wawili wamwache afunge mizigo ya babake kwa amani. Shule zilikuwa zimefungwa, na yule mdogo, waliyemwita Chiriku, mdomo wake haukuwa na likizo.

Akachukua rimoti mbili mbovu, akachomoa vile vitaa vyake vinavyotoa mwanga usioonekana kwa macho, akavifunga ndani ya vipande vya bomba la maji. Hizo ndizo bunduki. Kwenye vizibao viwili akashonea jicho la kupokea mwanga, spika ndogo, na kioo cha kuonyesha namba ya aliyekupiga. Bunduki ya dada mkubwa ilituma moja, ya Chiriku mbili. Ukipigwa, kizibao kinalia pii. Jicho moja alilitoa kwenye televisheni ya babake, iliyokaa bure chumbani tangu mzee apooze. Nani angeitazama?

Mzee alikuwa amelala mwaka mzima, macho wazi, neno hakuna. Daktari alisema hawezi kujua kama kuna kitu kinaingia kichwani. Kaka yake Fundi alikuwa bado anabisha kwa simu, lakini kubisha ni rahisi, shuka hafui yeye. Fundi alikuwa ameshakata shauri. Gari la nyumba ya wazee lingefika saa kumi alasiri hiyohiyo, na kama ndani ya ule mwili kulikuwa bado na baba, leo ndiyo anafukuzwa kwake.

Saa tisa na nusu Chiriku akaja amenuna.

"Mama, nimepigwa na sifuri."

"Hakuna sifuri, wewe."

"Sasa hii ni nini?"

Kweli, kiooni palikuwa na sifuri. Maana yake jicho limepokea mwanga kutoka kwa kitu kisichokuwemo mchezoni. "Jua hilo," Fundi akasema, akashusha mapazia ya korido. Pii. Akazima taa ya tyubu, maana hizo nazo zina vituko vyake. Pii. Akamwita dada mkubwa amkaripie, kumbe yuko bafuni ananawa, na bunduki zote mbili ziko juu ya meza.

Kizibao cha Chiriku kilikuwa kimetundikwa msumarini, peke yake, kimeelekea mlango wa mzee ulio wazi. Pii, kikanyamaza. Pii. Nywele zikamsimama Fundi. Akajicheka, mtu mzima na akili zake! Kisha akafanya ambalo fundi yeyote angelifanya jicho likianza kuona visivyokuwepo: akalizungushia utepe mweusi, tabaka juu ya tabaka, akaliachia katundu kama ka sindano. Kukawa kimya.

"Umeona?" akamwambia Chiriku. "Mashine haina majini."

Akakitupia kizibao begani, akaingia kwa mzee kukunja mashati. Alipopiga magoti kando ya kitanda, kizibao kikalia sikioni mwake. Safari hii alipiga yowe.

Mafundi wana njia yao. Wakitaka kujua kama rimoti ni nzima, huitazama kwa kamera ya simu, kwa sababu kamera inaona mwanga ambao mtu hauoni. Akatoa simu, akaizungusha taratibu: dari, dirisha, masanduku, ukuta mtupu palipokuwa na televisheni. Akaishusha kitandani. Pale penye ukingo wa blanketi, ndani ya kioo cha simu, kitone cha zambarau kiliwaka. Kikazimika. Kikawaka.

Akafunua blanketi. Ngumi ya babake ilikuwa imeshika rimoti ya ile televisheni. Walimwachia tangu mwanzo, maana ukiichukua alitoa mkoromo mbaya kooni, nao wakamwona kama mtoto na kitu chake. Kidole gumba kilibonyeza, kikapumzika, kikabonyeza. Macho yalitazama dari.

"Baba?" Fundi akamwinamia. "Unanisikia? Kama ndiyo, mara moja. Kama siyo, mbili."

Mara moja.

"Tangu lini, baba? Mwaka mzima?"

Mara moja. Fundi alishikwa na aibu. Yote waliyoyasema juu ya kitanda hiki, kama watu wanaoongea juu ya meza!

"Unajua leo linakuja gari?"

Mara moja, kwa mwanga hafifu.

"Unataka kwenda?"

Kitone kikawaka. Fundi akasubiri cha pili. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni. Cha pili hakikuja. Na Mungu amsamehe, kuna sehemu ya moyo wa Fundi ilishusha pumzi.

Lakini alikuwa fundi, na aliona jinsi mwanga ulivyofifia; huenda betri zilishindwa kutoa cha pili. Angeweza kuuacha hivyo, na hakuna ambaye angejua. Akatoa betri mpya mfukoni mwa aproni, akazibadilisha, akairudisha rimoti kiganjani. Nje, gari likapiga honi.

"Baba, unataka kwenda?"

Mara mbili. Tena mara mbili. Pii pii, pii pii, kizibao kikajaza chumba. Fundi akamkumbatia, akalia, akamwambia basi baba, nimesikia, huendi popote, nimesikia.

Kidole hakikuacha kubonyeza. Kilikuwa kimeshazoea kwamba hakuna anayesikia.