Pua ya Shangazi

Kikaratasi cha kunusia kilikuwa kikavu. Binti alisahau kukichovya kwenye mafuta kabla ya kumpa shangazi yake, naye shangazi akakipitisha puani, akafumba macho, akasema, "Hapo sasa! Maua matupu, hakuna jani."

Huyu ndiye shangazi aliyesifiwa na wanunuzi wote kwa kujua dakika hasa ya kufunga mtambo wa kutoa mafuta ya maua. Maua ya mdanzi, ule mchungwa mchungu, yana maringo kuliko bibi harusi: huchumwa asubuhi, hupitishwa kwenye mvuke siku hiyo hiyo, na kilo elfu hutoa kilo moja tu ya mafuta. Ukichelewa kufunga, yote yananuka majani ya kuchemsha.

"Shangazi, hicho sijakichovya."

Shangazi akaketi juu ya ndoo. "Ile homa ya miaka mitatu iliyopita iliondoka na pua yangu."

"Na mafuta ya miaka yote hii?"

"Nilikuwa nakuangalia usoni, mwanangu. Ukitabasamu, nauacha mtambo uendelee. Ukikunja pua, nafunga."

Binti alitaka kukasirika, akashindwa. Alidhani anafunzwa kazi, kumbe ndiye aliyekuwa akiifanya! Lakini kuusoma uso wa mtu namna ile, bila kukosea hata siku moja, kulimstaajabisha kuliko pua yoyote.

"Mnunuzi anakuja leo," shangazi alisema. "Akijua, ataniambia nikapumzike."

Mtambo ulikuwa bado unadondosha. Binti alisogea, uso umemkakamaa kama yuko mbele ya mpiga picha.

"Uso huo leo haunisaidii kitu," shangazi alisema. "Tumia mdomo."

Binti akanusa, akangoja, akanusa tena. "Funga!"

Mnunuzi alipokuja aliyanusa mafuta. "Mama, mwaka huu umejishinda mwenyewe. Hebu nieleze, unasikia harufu gani humu?"

Shangazi angeweza kudanganya, maneno alikuwa nayo tele. "Sisikii kitu," alisema. "Huu mwaka wa tatu. Muulize yeye, kazi ni yake."

Mnunuzi akamgeukia binti. Lakini binti alimwangalia shangazi yake, akamweleza yeye.

"Mwanzo kuna ubichi, kama ganda la chungwa likimenywa. Halafu asali, ila nyepesi. Mwishoni, shuka lililoanikwa juani."

"Basi mwakani nawataka nyote wawili," mnunuzi alisema.

Shangazi hakumsikia. Alikuwa ameushika mkono wa binti, machozi yanamtoka.

"Polepole," alisema. "Rudia hapo kwenye asali."