Namba Tatu Ukingoni mwa Ntahangwa

Kila Jumapili baada ya misa ya pili, Rosette hufagia ukingo wa mto Ntahangwa, upande wa Mutanga Sud, hupanga viti sita vya plastiki, kisha hukaa kungoja wageni. Kwenye karatasi ya vivutio vya mtaa, nyumba yake ni namba tatu. Namba moja ni daraja, watu wanapopigia picha za harusi. Namba mbili ni mahali pa mishikaki ya mbuzi. Namba tatu imesimama hewani, hatua kumi kutoka ukingoni, pamoja na mapazia yake ya kijani.

Mvua ya Aprili mwaka juzi ilikula ardhi yote iliyokuwa chini yake. Choo kilikwenda na mto, mparachichi ukakifuata. Nyumba ilibaki palepale. Térence, mume wa Rosette, alikuwa amerudi ndani kuchukua karatasi za kiwanja, akafa. Daktari alithibitisha hivyo akiwa ukingoni, na padri hakupinga. Tangu siku hiyo, saa kumi alasiri, Térence hufungua dirisha.

"Mama Armel, mawe ilifika?"

"Apana. Bado."

Mawe hayo yaliahidiwa kabla ya mvua, yajenge ukuta wa kuzuia mto usile mtaa. Rosette anaamini, na mimi simcheki, kwamba ukuta ukipanda hadi mlangoni pale ataingia, atamtoa mumewe na kumzika. Hataki kingine.

Mwaka jana ukoo ulijaribu kuondoa matanga. Waliweka turubai, wakaleta kreti za bia na Fanta, na shemeji yake Bonfils akasimama na koti lake kutangaza kwamba marehemu ameshaagwa. Térence akamsalimia kutoka dirishani, akamuuliza goti linaendeleaje. Bonfils akajibu kwamba ni afadhali kidogo. Wazee wakanong'ona, wakakubaliana kuwa matanga ya mtu anayesalimia hayaondolewi, wakamaliza bia wakaenda zao. Rosette akabaki na nguo zake za msiba. Zinamuuma, hasa Jumapili wenzake wakipita na vitenge vipya.

Mwezi huu mawe yalifika, malori saba. Rosette alilia mbele ya madereva, akawagawia ndizi. Kufikia Ijumaa mafundi walikuwa wamemaliza kazi: uwanja wa kusimama watazamaji, ngazi, na mahali pa kuegesha magari. Msimamizi alimweleza kwa upole kwamba wageni walikuwa wanachafua viatu.

Jumapili, saa kumi, dirisha likafunguka.

"Mama Armel, mawe ilifika?"

Wageni wakainua simu zao.

"Ilifika, Baba Armel."

"Waliiweka wapi?"

"Huku juu. Watu wanasimama juu yake."

Térence alinyoosha shingo kutazama.

"Ni mawe ya nguvu?"

"Ya nguvu sana."

"Basi ni vizuri," akasema, akafunga dirisha.

Mvua ya juma lililofuata ilichukua ardhi ya jirani, Christa. Nyumba yake ilibaki hewani, na mama yake, bibi Adélaïde, alikuwa amelala ndani. Rosette alimpelekea Christa kiti kimoja kati ya vile sita, akamwonyesha pa kukiweka ili amsikie mama yake vizuri. Kwenye karatasi mpya, nyumba ya Christa ni namba nne.